Niwapeleke watoto msituni bila mama yao kujua?

Salaam, Mama.

Mimi ni dereva wa trela, nabeba mizigo kati ya Mombasa na Kampala, na huu ni mwaka wa tisa. Nyumbani ni Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala. Mimi ni Msamia wa Busia, mke wangu ni Mnubi wa Bombo, hivyo Kiswahili ndiyo lugha ya nyumba yetu tangu siku ya kwanza. Mungu ametujalia watoto watatu: binti wa miaka 8, mvulana wa miaka 5, na kitindamimba wa mwaka mmoja na nusu ambaye ukimweka chini tu, ameshakimbia.

Safari ikienda vizuri narudi baada ya siku 10. Foleni ya Malaba ikinishika, au mzigo ukichelewa bandarini, ni wiki mbili na zaidi. Nikifika nyumbani nina siku mbili, tatu, kisha bosi anapiga simu. Wanangu wananijua kwa sauti kuliko kwa sura. Siku moja yule mdogo aliponiona mlangoni alinikimbia, akajificha nyuma ya gauni la mama yake. Nilicheka mbele ya majirani, lakini usiku ule sikulala.

Tunapoishi ni nyumba za kupanga, milango minane inayotazama uwanja mmoja wa saruji. Uwanja wenyewe umejaa kamba za nguo, majiko ya makaa na pikipiki za wapangaji. Mtoto akipiga mpira, amegonga sufuria ya mtu. Kwa hiyo wanashinda ndani, na huko ndani ni simu ya mama yao na katuni. Mimi nilikulia Busia, tukizunguka mashambani na kando ya mto Sio, tunarudi jioni tumechafuka na tumeshiba maembe. Nikasema hapana, nikipata Jumapili moja nyumbani nitawatoa wanangu.

Mwaka juzi nikaanza. Kuna rafiki yangu huniazima gari lake dogo, mimi natia mafuta. Mara ya kwanza tulienda bustani ya mimea ya Entebbe. Mama, ungemwona yule binti siku ile! Mbega walikuwa juu ya mti na mikia yao mirefu myeupe inaning'inia, akasimama chini yao mdomo wazi mpaka shingo ikamuuma. Mke wangu alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri akapika pilau, akakaanga sambusa, akajaza chai kwenye flaski, akapanga pampasi na nguo za kubadilisha. Ni mwanamke hodari, sijawahi kutoka naye tukakosa kitu. Baada ya hapo tulitoka mara nne au tano, nami nikaona nyumba yangu imepata furaha.

Halafu ikaja Idd ya mwaka jana. Tulikwenda ufukweni, ziwani, na watu walikuwa wamejaa hakuna pa kuweka mguu. Mke wangu alikuwa garini anambadilisha mdogo nguo, akaniachia hawa wawili. Simu yangu ikaita. Alikuwa wakala wa forodha, kontena limekwama kwa sababu ya karatasi. Nikasogea kidogo kivulini nimsikie vizuri. Nilipogeuka, binti yupo, mvulana hayupo. Dakika 40, Mama. Mke wangu aliingia majini na nguo zake zote, maji yakamfika kifuani, akimwita mtoto kwa jina. Tulimkuta kwa mama mmoja mkaanga samaki, amekalishwa juu ya kreti la soda, anakula. Tulirudi nyumbani hakuna aliyesema neno.

Tangu siku hiyo mke wangu hataki kusikia habari ya kutoka. Siyo ziwani tu, hata bustanini, hata porini. Nikigusia anajibu: "Kutembea bila safari ndiyo nini? Mimi nimetembea tangu utotoni, mtoto mgongoni, jerikeni kichwani. Nimeshatembea ya kunitosha." Siku nyingine anasema ana kazi, maana anashona sare za shule hapo nyumbani na analipwa kwa kila sare. Mama mkwe yuko upande wake. Anasema ziwani kuna kichocho, msituni kuna nyoka, na mtoto hapelekwi mahali ambapo hana shughuli.

Sasa jambo lenyewe. Barabara ya Jinja inapita katikati ya msitu wa Mabira. Nimepita humo mchana na usiku kwa miaka yote hii, na sijawahi kukanyaga ndani hata mara moja. Nasimama Najjembe, nanunua kuku wa kuchoma na gonja, naondoka. Mwezi uliopita binti alinipigia nikiwa pale pale, akaniuliza: "Baba, ndani ya huo msitu kuna nini?" Nikakosa jibu. Nikamwahidi nitampeleka.

Mwishoni mwa mwezi ujao mke wangu ana harusi ya ndugu yake Bombo. Atalala huko na mdogo. Hawa wawili wana madrasa Jumamosi, hivyo watabaki nami. Nimepanga Jumapili asubuhi niwapeleke Mabira, na niwaambie wasimwambie mama yao, asije akaumia bure. Rafiki yangu anasema mwanamume haombi ruhusa kutoka na wanawe. Lakini moyo unasita. Nikinyamaza, nawapoteza watoto kwenye simu. Nikienda kwa siri, sijui. Nishauri, Mama.

Baba wa Watatu, Bweyogerere

*

Wa alaykum salaam, mwanangu Baba wa Watatu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa niaba ya mkeo, kwa kuwa yeye hakuandika.

Kwanza niseme nilichokiona, uniambie kama nimekosea. Wewe ni baba unayeishi barabarani, na siku zako mbili za nyumbani unataka ziwe na uzito. Umegundua kwamba chini ya mti na kwenye nyasi watoto wako wanakuwa wako kuliko wanavyokuwa chumbani. Mara moja mambo yakaharibika, na mlango ukafungwa. Sasa umeona dirisha, mama akiwa harusini, na unajiuliza kama upitie hapo. Hamu yako sina neno baya la kuisemea. Wababa wengi wakirudi kutoka safari ndefu wanaleta zawadi kwenye kaveera na kwenda kulala. Wewe unataka kushika mikono ya watoto na kutembea nao. Hilo nalithamini sana.

Lakini kuna mistari miwili katika barua yako ambayo umeipita haraka, kama unavyopita Najjembe.

Mstari wa kwanza: "Nikasogea kidogo kivulini." Wa pili, mwishoni mwa habari ile: "Tulirudi nyumbani hakuna aliyesema neno." Mwanangu, je, tangu siku ile neno limesemwa? Umenieleza mimi, nisiyekujua, kwamba simu iliita na ukageuka. Yeye umemweleza? Umewahi kumwambia kwa mdomo wako, "Uliniachia watoto nami nikaacha kuwaangalia"? Natafuta maneno hayo katika barua yako na siyaoni. Naona miezi ya kuzungumzia bustani na msitu, na kila mara yeye anajibu jambo jingine: jerikeni, sare, safari. Huenda na yeye anasubiri neno hilo hilo, na kila unapotaja matembezi anasikia kwamba wewe umeshasahau.

Naomba ukumbuke alichokifanya. Hakukimbilia kwa wauza soda wala kwenye maegesho. Aliingia majini. Anayezama hapigi kelele kama tunavyodhani, huenda kimya, na kwa mtoto mdogo inaweza kuwa dakika chache tu. Mkeo alilijua hilo bila kufundishwa. Kwa dakika 40 alikuwa anamtafuta mtoto chini ya maji kwa miguu yake. Wewe ulimkuta mtoto juu ya kreti anakula samaki, na kwako hadithi ikaishia hapo. Kwake yeye sijui kama imeisha.

Sasa nije kwenye pilau. Uliandika habari ya saa kumi na moja alfajiri kwa kumsifu, na sifa hiyo naiamini. Lakini hebu ihesabu siku ile pamoja nami. Nani aliosha yale masufuria jioni? Nani alifua nguo zenye matope ya watoto watatu, kwenye uwanja wa kamba za watu wanane? Nani alimbeba mdogo alipokataa kutembea? Na kama analipwa kwa kila sare, Jumapili ya Entebbe ilimgharimu sare ngapi, na alizishona saa ngapi? Wewe ulirudi umepumzika ukaingia barabarani. Yeye huenda alirudi amechoka akaingia kazini.

Nalisema hili kwa sababu nalijua. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, tukakaa kota za Tororo. Jumapili alikuwa akituchukua kwenda chini ya ule mwamba mkubwa, sisi watoto watano tukishindana nani ataokota jiwe zuri. Katika kumbukumbu zangu zote za mwamba ule, mama yangu hayumo. Alikuwa nyumbani, anapika tutakachokula tukirudi. Nilikuwa mtu mzima kabisa nilipomuuliza kama alitamani kuja. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hakuna aliyeniuliza. Lakini ile saa ya nyumba kuwa kimya niliipenda." Yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja, na sisi hatukulijua hata moja.

Kwa hiyo mkeo anaposema ametembea ya kumtosha, usimwone kama mtu asiyependa miti. Binti aliyekua na mtoto mgongoni na maji kichwani, kutembea kwake kulikuwa mzigo tangu mwanzo. Umemkaribisha matembezini mara tano au zaidi, na mara zote alibeba. Sijui angesema nini kama angetembea mikono mitupu.

Mama mkwe naye usimpuuze. Katika mengine ana haki kamili. Kichocho kiko kweli katika fukwe za ziwa letu. Konokono wadogo wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani, hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, hata mtoto aliyechezea maji ya magotini. Dawa ipo na hospitali zinayo, lakini mtoto aliyekwishaingia ziwani anafaa kupimwa, na huyu wako pamoja na mama yake, kama hamjapima tangu Idd, pimeni. Kwa nyoka wa msituni, wapo, ila mara nyingi hukimbia vishindo vya watu. Kinachowapata watoto msituni zaidi ni siafu na upupu. Suruali ndefu iliyoingizwa ndani ya soksi, viatu vilivyofunika vidole, na macho kwenye njia ili msisimame juu ya msafara wa siafu. Ukimpelekea bibi maelezo hayo badala ya kumwambia ana woga wa kizamani, huenda mazungumzo yakabadilika.

Ila yule anayesema mtoto hapelekwi mahali ambapo hana shughuli, hapo namuuliza kwa heshima: kuzunguka na kuchafuka si ndiyo shughuli ya mtoto? Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa mwaka 1 mpaka 4 ahitaji angalau dakika 180 za kuchezesha mwili kila siku, na kwamba wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa. Dakika 180 ni saa tatu. Kwenye uwanja wenu wa pikipiki na majiko hazipatikani kirahisi. Kwa hiyo hofu yako juu ya katuni ni ya haki. Ninachokuuliza ni kama dawa yake lazima iwe Mabira, mara moja kwa mwezi, kwa gari la kuazima.

Nadhani umeunganisha mambo mawili. Kuna watoto kuhitaji kutoka, na kuna wewe kuwatimizia jambo kubwa. La kwanza linaweza kuanza kesho saa kumi na mbili asubuhi, kwa miguu, kabla jua halijawa kali. Bweyogerere hamko mbali na vilima vya Namboole. Mvulana wa miaka 5 akitoka nyumbani na baba yake, kilomita moja inatosha, na itachukua saa nzima, kwa sababu atasimama kwenye kila shimo. Mwache asimame. Hesabuni kaloli, wale ndege wakubwa, juu ya mapaa. Atakayemwona wa kwanza korongo mwenye taji, yule wa kwenye bendera yetu, ashangiliwe na mwenzake. Watoto wadogo hawatembei ili wafike. Sisi watu wazima, na madereva zaidi, ndio tunaotaka kufika.

Mkitaka mahali penye nyasi na nafasi, kuna kilima cha Kikaya, upande wa barabara ya Gayaza, penye hekalu la Wabahai lililofunguliwa mwaka 1961. Uwanja wake ni mpana, miti imepandwa kwa mpangilio, na watu wa dini zote hukaribishwa mradi waheshimu utulivu wa pale. Nakitaja kwa sababu moja tu: hakuna ziwa, na mtoto akikimbia unamwona anakokwenda. Kwa mama aliyeingia majini na nguo zake, huenda mahali pa namna hiyo pakawa rahisi kuliko msitu, ambapo mtoto akipita mti wa pili haonekani.

Sasa siri yenu. Hapa nitasema kwa uzito kidogo, univumilie.

Ukiwaambia watoto wasimwambie mama, mvulana atasema. Wa miaka 5 hawezi kuficha tumbili. Atakaporudi mama yake kutoka Bombo, kabla hajaweka mkoba chini, atakuwa amesikia habari ya nyani. Na hapo mkeo atajua mambo mawili kwa mara moja, kwamba ulikwenda na kwamba ulificha. Hilo la pili litakuwa gumu kulipoza kuliko la kwanza.

Lakini hofu yangu kubwa ni kwa binti. Sisi tunaofanya kazi na watoto tunawasihi wazazi wawafundishe kwamba mtu mzima akikwambia "usimwambie mama," huo ndio wakati wa kumwambia mama. Tunawafundisha hivyo ili siku akitokea mtu mbaya, mtoto awe na njia. Wewe si mtu mbaya, ni baba yake anayempenda. Ila sentensi ni ile ile, na atakuwa ameizoea kutoka kinywani mwako.

Na kuna jambo jingine juu yake. Umeandika "binti yupo, mvulana hayupo." Yeye ndiye aliyekuwa amesimama pale. Alimwona mama yake akiingia majini. Alikuwa mtoto mkubwa, na watoto wakubwa katika nyumba zetu hujua bila kuambiwa kwamba mdogo akipotea, wao ndio waliopaswa kumshika mkono. Kuna mtu aliyewahi kumwambia halikuwa kosa lake? Kama hakuna, mwambie kabla ya msitu wowote. Kisha fikiria kama ni vizuri abebe siri ya safari ya pili, akiwa ameshika mkono wa mdogo wake yule yule.

Rafiki yako anasema mwanamume haombi ruhusa. Tuseme basi si ruhusa. Unaweza kumwambia mkeo waziwazi, "Jumapili ukiwa Bombo, natamani kuwapeleka watoto Mabira, nitafanya hivi na hivi." Akikubali kwa shingo upande, utakwenda, lakini yeye atakaa harusini akiangalia simu siku nzima, na wewe ujue hivyo na umpigie. Akikataa kabisa, una njia ya kwenda kwa nguvu. Hiyo itakupa msitu na inaweza kukugharimu utulivu wa nyumba kwa muda ambao huwezi kuupima, hasa kwa mtu ambaye Jumanne anaondoka na kumwacha mwenzake na hasira peke yake. Unaweza pia kuahirisha, na kumwambia binti ukweli: "Nilikuahidi, bado nakumbuka, lakini mama na mimi hatujakubaliana." Atasikitika. Watoto huvumilia ahadi iliyochelewa kama wanaona mtu bado ameishika.

Au huenda mkeo akakushangaza. Huenda akasema, "Nenda nao, mimi niachie siku moja na cherehani yangu na usingizi wangu." Huenda akasema, "Nakuja, lakini sipiki." Kula rolex barabarani si aibu, na hiyo chapati yenye mayai imewashibisha watoto wa Uganda wengi kabla ya wako. Nguo zikirudi na matope, uwanja wenu utashangaa kidogo kumwona dereva wa trela kwenye beseni, kisha utazoea.

Mkikubaliana, kwa njia yoyote ile, haya yamewasaidia wazazi wengine. Asubuhi kabla hamjatoka, mpige kila mtoto picha, ili akipotea usihangaike kukumbuka amevaa nini. Wavalishe rangi inayoonekana mbali. Namba ya simu iandike kwa kalamu ya wino mkononi mwa yule wa miaka 5, na huyu wa miaka 8 aikariri kichwani. Wafundishe kwamba aliyepotea hatafuti, anakaa palipo na mti mkubwa na kuita. Na kama kuna watu wengi, anamwendea mama mwenye watoto au muuzaji kama yule mkaanga samaki, Mungu ambariki. Mkiwa watu wazima wawili, semeni kwa sauti zamu ni ya nani: "Sasa macho ni yangu." Mpaka mwenzako ajibu "nimepokea," macho bado ni yako. Na simu yako, mwanangu, izimwe. Bosi mwambie mapema. Kontena litasubiri saa tatu.

Mabira yenyewe usiingie kwa kubahatisha. Pale Najjembe, karibu na hao wachoma kuku wako, kuna kituo cha wageni cha msitu na waongoza njia wanaojua njia fupi ya watoto. Mwombe fupi kabisa. Epukeni miezi ya mvua kubwa, Machi mpaka Mei na tena kuanzia Septemba, kwa sababu njia huteleza, na mawingu yakijikusanya mchana tokeni mapema. Radi za nchi yetu si za kuzingojea chini ya mti. Muwe nyumbani kabla ya magharibi, maana mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia giza linapoingia. Barabara ya Jinja siku za Jumapili jioni unaijua wewe kuliko mimi.

Na swali la binti linastahili jibu hata kabla hamjafika. Mwambie ndani kuna miti ambayo mizizi yake imesimama kama kuta, mtoto anaweza kujificha katikati. Kuna kima wenye mikia myekundu, kuna hondohondo ambaye akiruka mabawa yake unayasikia, kuna vipepeo wengi mno. Tembo na simba hamna. Mwambie pia kwamba mwaka 2007 serikali ilitaka kutoa karibu robo ya msitu huo uwe mashamba ya miwa, watu wa Kampala wakaingia barabarani kuupinga, wengine wakapoteza maisha, na mpango ule ukasimamishwa. Umsimulie kwenye simu siku utakapopita tena, ukiwa umeegesha, na mama yake akiwa karibu anasikia.

Sitakuambia uende au usiende. Nyumba ni yenu wawili na mimi nimesikia upande mmoja. Ila ukirudi safari hii, watoto wakishalala, kabla hujataja msitu wala harusi, mwekee mkeo chai, mkae kwenye ngazi ya mlango, umuulize: "Siku ile ya Idd, ulipoingia majini, ulikuwa unaona nini?" Kisha usijitetee. Msikilize mpaka amalize, hata chai ikipoa.

Uniandikie tena, mwanangu. Na yeye pia, akipenda.